Chumvi ya Nyama ya Mjomba

Nyama ya nguruwe aliitaka Mjomba Alfredi mwenyewe, na hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye kila mtu alijifanya hakuwemo. Alipiga simu kutoka Lupaso, akamwambia mpwa wake Yeremia kwamba Jumatano atapanda Newala kumwona Flora, mke mjamzito wa Yeremia, na kwamba asichinjiwe kuku. Kuku amewachoka. Siku moja alikula chopsi za kitimoto kwenye hoteli ya Masasi, zimelowekwa viungo mchana kutwa, kisha zikapakwa kitu kitamu mpaka zikang'aa, na tangu hapo nyama nyingine zote anaziona kama adhabu. Yeremia akajibu ndiyo Mjomba, hakuna shida Mjomba. Shida haikuwa yake, yeye hapiki.

Na kwa watu hawa mjomba hakataliwi. Baba anaweza kusema akabishiwa. Kaka wa mama akisema shamba ligawanywe, linagawanywa. Akisema mke huyu arudishwe kwao, mizigo inafungwa. Safari hii alikuwa anakuja kwa heri, kutoa jina la mtoto kabla mtoto hajazaliwa, jambo ambalo hata yeye alijua linaharakishwa. Lakini dada yake Dominika, mama yake Yeremia, alikuwa amemwita, na Dominika akikuita huwezi kutulia mpaka uende.

Dominika mwenyewe alikuwa ameshafika Newala siku nyingi. Siku za Flora zilipopita bila kuona kitu, Flora alimnong'oneza mumewe tu, akamsihi wangoje kidogo, wasije wakaitangazia dunia jambo ambalo bado changa. Yeremia akaitikia. Kesho yake akampigia mama yake simu. Mama akafika na begi, akajimilikisha chumba cha mbele, na tangu siku hiyo akaanza kumwita mkwewe Mama Alfredi, kwa sauti ya kusikika mtaani, huku akimtazama tumbo kama mtu anayelinda mzigo wake stendi.

Msicheke. Flora alilipenda jina hilo. Katika mtaa ule kila mwanamke ni mama wa mtu fulani, hata yule aliyeolewa juzi. Yeye tangu aletwe na Yeremia alikuwa Flora tu, au Flora fundi, kwa kuwa alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka sokoni, anashona sare za shule. Watoto wa jirani walikuwa wakimwamkia wanababaika, hawajui wamwite mama nani. Kwa hiyo alipoitwa Mama Alfredi kwa mara ya kwanza aliingia chumbani akalia kidogo, kisha akajilaumu kwa kulia.

Lakini jina lile lilikuwa na mwenzake, na mwenzake hakutajwa kwa sauti. Huko Lupaso kulikuwa na binti ambaye Dominika alikwisha kwenda kuongea na wazazi wake. Alimweleza Flora jambo hilo kwa upole kabisa, wakichambua mchicha, kwamba mwanamume si mti wa kukaa bila tunda, na kwamba msimu wa korosho ukiisha bila habari, Mjomba atakuja na neno lingine. Mimba ilipopatikana, binti wa Lupaso akasimamishwa. Hakufutwa, alisimamishwa tu.

*

Jumatano asubuhi Flora alipitia bucha ya kitimoto iliyo nyuma ya stendi, akakatiwa chopsi nzuri, kila moja na mfupa wake na ukingo wa mafuta. Alirudi nyumbani mbiombio, akatwanga tangawizi na vitunguu saumu, akakamulia ndimu, akatia pilipili manga, akazipaka zile nyama pande zote na kuzifunika kwenye bakuli. Chumvi aliiacha kwa ajili ya jioni. Nyama iliyotiwa chumvi mapema hutoa maji, na yeye alitaka ikaange haraka, maana akifunga cherehani jioni anabaki na muda mdogo kabla wanaume hawajaanza kuuliza chakula kiko wapi.

Cha kuzing'arisha alikuwa amekwisha kukifikiria. Ulikuwa msimu wa mabibo, na mabibo yalikuwa yanaoza bure chini ya kila mkorosho. Angeyakamua, achuje maji yake, ayachemshe na siki na sukari mpaka yawe mazito kama asali, kisha ampakie Mjomba nyama yake mpaka ajione yuko Masasi. Dominika alimtazama akihangaika, akasema mama kijacho asijichoshe. Hakunyanyuka kumsaidia.

Mchana, katikati ya kushona mfuko wa kaptula, Flora alisikia kiuno kinamkatika. Alisimamisha cherehani, akijiambia ni kule kuinama. Baadaye akasikia unyevu. Alikwenda chooni nyuma ya duka akaona alichokiona, akajifunga kitambaa, akarudi kwenye meza na kumalizia mfuko wa kaptula. Mtu atauliza kwa nini hakwenda hospitali saa ile ile. Alikuwa na mgeni, ndiyo sababu, na mgeni mwenyewe alikuwa ameshapanda gari. Na alikuwa anaogopa pia. Mpaka mganga aseme, bado ilikuwa inawezekana kwamba ni damu ya kupita tu, wanawake wengine huona hivyo na mtoto akazaliwa mzima. Alishona mpaka jioni huku akiomba, na damu haikukoma.

*

Sasa ni lazima niseme habari ya chumvi, kwa asiyezijua nyumba za huku. Mwanamke aliye mwezini hatii chumvi chunguni. Atapika, ataonja, ataepua, lakini chumvi ataitia mtu mwingine, mtoto wa kike au mwanamke aliyekwisha kukoma. Akiitia yeye, mwanamume atakayekula kifua kitambana, atakohoa mpaka akonde. Ndivyo walivyofundishwa unyagoni, wakapigwa na viboko juu yake ili wasisahau. Kanisani hawafundishwi hivyo na hospitali wanacheka, lakini mwanamke aliyekwenda kanisani asubuhi na hospitali mchana, jioni ataita mtu amtilie chumvi.

Ubaya wa mwiko huu ni kwamba unakuvua nguo. Mwezi kwa mwezi, nyumba nzima inajua tumbo lako lina nini kwa kuangalia nani ametia chumvi. Ndiyo maana Flora hakuwahi kumwita Dominika hata mara moja, wala wifi yeyote aliyepita pale. Alikuwa na mtu wake. Ng'ambo ya ua wa mabua alikaa Mama Halfani, mzee wa Kiyao, mjane, aliyekoma zamani. Flora alikuwa akimwita kwa sauti ya chini, mzee anapitisha mkono, anatia chumvi, anarudi kwenye mkeka wake. Hakuwahi kumuuliza kitu wala kumsema mahali. Hisani ya namna hiyo ni adimu.

Jioni ile Flora alisimama jikoni, chopsi kwenye bakuli, maji ya mabibo yanachemka, akajua amenaswa. Mama Halfani ni Mwislamu, hajapata kugusa nguruwe wala chombo chake. Kumwita mama mkwe atie chumvi ni sawa na kupiga mbiu, na mtoto wa jirani naye angekwenda kuitangaza mtaani. Kuacha bila chumvi hakuwezekani, kwa sababu mabibo yana ukakasi, na ukakasi wa mabibo dawa yake ni chumvi. Bila chumvi ule utamu ungewashika koo wote, na Dominika angeuliza kwa nini.

Ndipo akili ya mtu aliyebanwa ikamletea ujanja. Nyama bado haijaingia kwenye yale maji. Maji ya mabibo hayana haramu yoyote. Mama Halfani akitia chumvi humo tu, chumvi ya kutosha, basi chakula kizima kitakuwa kimetiwa chumvi na mtu safi. Akaepua kile kisufuria, akakishika kwa kipande cha kitambaa, akakipeleka uani.

"Shikamoo, Mama. Naomba unitilie chumvi humu. Ni maji ya mabibo matupu, nyama haijagusa."

"Marahaba." Mama Halfani hakunyoosha mkono. Alikuwa anakitazama kisufuria. "Hiki si ndicho ulichochemshia kitimoto Pasaka? Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Nimekisugua, Mama. Kwa mchanga na majivu."

Mama Halfani si mtu mbaya, na nisingependa afikiriwe hivyo. Lakini tangu asubuhi alikuwa anaisikia harufu ya viungo vya nyama ile ikivuka ua, alikuwa amefunga sunna, na jua lilikuwa halijazama. Alimwambia Flora kwamba amemvumilia moshi wake na harufu zake kwa sababu ya ujirani, na malipo yake ndiyo haya, kuletewa chombo cha nguruwe mpaka mkononi. Flora alimwomba ateremshe sauti. Kumwomba mtu mwenye hasira ateremshe sauti ni kumpandisha.

"Niteremshe kwa nini? Mwezi hadi mwezi nakutilia chumvi, nimewahi kukataa? Leo siitii. Ukiwa mwezini mwite mama mkwe wako akutilie, si yumo humo ndani anakula tu?"

Alikosea kitu kimoja tu. Dominika hakuwemo ndani. Alikuwa kwenye bafu la mabati, hatua chache kutoka uani, uso umejaa sabuni, na alisikia kila neno.

Ukitaka kumjua Dominika, mtazame pale. Hakutoka, na wala hakuita. Mjukuu aliyekuwa amemtangaza kwenye jumuiya, kwa mashoga zake, na kwa kaka yake ambaye siku zote humwita mropokaji, mjukuu huyo hayupo, na baada ya muda mfupi kaka anapiga hodi. Aibu ilimpanda ikageuka hasira papo hapo, na hasira ikatafuta mtu. Akaoga taratibu. Akaimaliza ndoo yote ya maji, na Newala maji yananunuliwa. Alipotoka, alikuwa ameshapanga namna ya kufanya, na alimpita Flora jikoni akamwambia chakula kinanukia vizuri, Mama Alfredi.

*

Flora alitia chumvi mwenyewe. Hakuna haja ya kuzunguka. Aliishika kwa vidole, akasimama nayo juu ya kisufuria, akamkumbuka Yeremia wa siku za mwanzo alivyokuwa akicheka mambo haya, akisema chumvi ni chumvi, inatoka dukani kwa watu, nani anajua walioipakia walikuwa na hali gani. Akaiachia. Akatia na kwenye nyama.

Kisha akapika, na alipika vizuri, maana mikono ikizoea kazi haijui moyo una nini. Mafuta yakapata moto, chopsi zikaingia zikilia, akaziacha zishike rangi upande mmoja kabla ya kuzigeuza. Ukingo wa mafuta ukakunjamana ukawa mkavu. Akazipaka ule mchuzi wa mabibo kwa mgongo wa kijiko, akageuza, akapaka tena, mpaka kila moja ikawa nyekundu ya kahawia na inang'aa. Ugali ulikuwa tayari. Kiuno kilikuwa kinampasua, akawa anashika ukuta kila akiinuka.

Mjomba Alfredi alikuwa amekwisha kufika, amevua koti, amekaa kwenye kiti chenye mto. Flora alimwamkia kwa magoti, akamnawisha mikono. Mjomba alimwitikia marahaba mara mbili, akamwambia akae, asipige magoti na hali hiyo. Ndilo neno la huruma pekee lililosemwa nyumbani mle siku ile, na lilisemwa kwa sababu isiyokuwepo.

Yeremia alichelewa kidogo mezani, alikuwa nje anaongea na simu, mambo ya korosho maghalani. Mjomba hakumngoja. Alichukua chopsi ya kwanza akaila kimya, mpaka mfupa ukawa mweupe. Akachukua ya pili. Akasema Masasi hawajui kitu. Akasema mpishi wa namna hii atazaa mtoto mwenye akili. Dominika alikuwa amekaa mkekani, sahani iko mbele yake, hajagusa. Alikuwa anamtazama kaka yake anavyotafuna. Flora aliiona sahani ile haijaguswa, akajua kwamba uani walisikika.

Yeremia akaingia, akanawa, akaketi, akamega ugali, akauma nyama pande kubwa kama mtu mwenye njaa.

"Yeremia," mama yake akasema, "usimeze."

Taya likasimama. Shavu moja limetuna, macho yanauliza.

"Muulize mkeo chumvi katia nani."

Hakuweza kuuliza, mdomo umejaa. Alimgeukia Flora tu. Mjomba Alfredi naye aliacha kulamba kidole.

Dominika akaeleza yote, bafu, ua, jirani, kisufuria. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kujisomea. Akamalizia kwamba yeye hakuzaa mwana ili aje auawe kwa kifua na mwanamke anayedanganya watu kuwa ana mimba. Kwamba mficha uchi hazai, na huyu kaficha mpaka kapitiliza. Kwamba kaka yake ameona kwa macho yake, sasa aseme neno, na Lupaso kuna watu wanangoja.

Flora alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Angeweza kukana. Neno la mzee aliyekuwa anaoga dhidi ya neno lake. Alifikiria kukana, tena sana, na alikuwa na uongo mzuri wa kutosha. Lakini kiuno kilimbana tena, damu ikateremka, na uongo ukamwisha.

"Chumvi nimetia mimi," akasema.

Mjomba Alfredi aliitazama mifupa miwili kwenye sahani yake. Kisha akajishika kifua, akakohoa kidogo kujijaribu. Mtu mzima, mwenye mashamba na heshima zake, anajisikiliza mapafu. Alipogeuka hakumgeukia Flora.

"Dominika. Ulisikia ukiwa unaoga?"

"Nilisikia, Kaka."

"Kabla sijafika."

Dominika akaisogeza sahani yake pembeni.

"Mwanao umemzuia. Mimi umekaa hapo unanitazama natafuna."

Dominika akasema alitaka aone mwenyewe, kwa macho yake. Mjomba akauliza aone kwa macho au kwa tumbo. Dominika akasema Kaka, wewe ni mtu mzima, kwako haidhuru sana. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mjomba alisimama, akavaa koti, na yaliyotoka kinywani mwake siyo ya kuandika yote. Alimwita dada yake majina ya utotoni mwao, akamkumbusha shamba la mikorosho walilogombania, akasema sasa anaelewa nani anataka nani afe. Kuhusu mke wa Yeremia hana neno. Harudishi mtu na haleti mtu, binti wa Lupaso akaolewe na anayemtaka. Yeye anakwenda kulala gesti, na kesho atapita hospitali kupimwa kifua. Akatoka bila kuaga, na mlango akauacha wazi, baridi ya Newala ikaingia.

Mchuma janga hula na wa kwao. Dominika alikaa mkekani akalia kwa sauti, lakini alimlilia kaka yake.

Kwa hiyo Flora alikuwa amepona. Hesabu ya haraka ilimwambia hivyo. Mjomba amejitoa, hakuna wa kufunga mizigo yake. Alingoja asikie nafuu, isije. Alikuwa anangoja kitu kingine, na alikuwa anakingoja tangu mchana, na sasa alikuwa anaona kwamba hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa na nia ya kumpa. Walikuwa wamezungumza kifua cha Yeremia, na kifua cha Mjomba, na Lupaso, na mikorosho.

Aliweka jagi chini.

"Nilikuwa sidanganyi," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimba ilikuwepo. Imeanza kutoka mchana nikiwa kazini, na mpaka sasa inatoka. Mmeuliza chumvi. Mtoto hakuna aliyemuuliza."

Dominika aliacha kulia, akamtazama tumbo, kisha akatazama pembeni. Labda alikuwa na neno. Kama alikuwa nalo alilimeza.

Flora akamgeukia mumewe. Yeremia alikuwa bado ameketi pale pale, mikono mezani, shavu limetuna na ile nyama. Muda wote ule hakuwa ametafuna wala kutema. Jasho lilikuwa limemtoka kipajini.

"Yeremia, naumwa. Nipeleke hospitali."

Ili amjibu ilibidi kwanza mdomo uwe wazi. Ameze, au ateme, ni mambo mawili tu, na yeyote kati ya hayo Flora angeweza kulipokea, hata kutema. Mtu hutema kitu akiogopa, kisha akavaa viatu akaenda na mkewe. Alimngoja. Yeremia alimtazama, macho yamelowa, akainua kiganja akakiweka chini ya kidevu, tayari kwa lolote.

Kisha akageuza shingo, akamtazama mama yake.

Flora hakungoja aone ataambiwa nini. Alichukua khanga yake kwenye msumari, akajifunga, akatoka kutafuta bodaboda.